Siku za Kentucky

Kila asubuhi kabla ya shule nilifanya mambo matatu kwa mpangilio uleule. Nilimpelekea Mama uji wa shayiri chumbani, nikinyata, kwa sababu hata mlio wa kijiko uliweza kumuumiza kichwa siku nzima. Nilikaa jikoni mbele ya kompyuta na kupiga kura. Kisha nilivaa koti na buti, nikatoka kwenye theluji ya Duluth, mji wetu wa kaskazini mwa Marekani, kungoja basi la shule.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mama alikuwa amelala kitandani kwa miaka minne, dirisha limezibwa kwa blanketi. Yote yalianza na mafua ya kawaida, mafua yakapita lakini nguvu hazikurudi. Madaktari watano walimpima wakaona damu yake ni safi, na mmoja wao akamwambia usoni kwamba anajifanya. Mwanzoni nililia sana. Baadaye nikaacha. Moyo wangu uliingia ganzi kama mguu uliokaliwa, nikawa naona kila kitu na sihisi chochote.

Mwezi huo wa Januari kampuni moja ya sabuni ilitangaza shindano la kila mwezi kwenye mtandao. Miradi miwili itakayopata kura nyingi zaidi ingepewa dola laki mbili na nusu kila mmoja. Wagonjwa wenzake Mama, waliotawanyika nchi nzima na kujuana kwa kompyuta tu, waliingiza mradi wa maabara ndogo iliyotaka kuchunguza ugonjwa wao. Kila mtu alikuwa na kura moja kwa siku. Wagonjwa wengine walihitaji kupumzika saa nzima baada ya kubonyeza kitufe kimoja, lakini walibonyeza.

Peke yetu hatukutosha, kwa hiyo tuliungana na watu wa Kentucky, jimbo la kusini. Kiongozi wao alikuwa Bi Opal Stidham, ambaye mjukuu wake Colby alikuwa na ugonjwa adimu wa misuli. Mapatano yalikuwa rahisi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa sote tunaupigia mradi wa Kentucky. Siku nyingine zote tunaupigia wa kwetu. Hivyo tungeshika nafasi mbili za juu pamoja.

Kazi yangu ilikuwa shule. Mwalimu mkuu, Bwana Ostby, aliniruhusu kusoma tangazo kila asubuhi kwenye spika baada ya orodha ya chakula cha mchana. "Leo ni siku ya Kentucky," nilisema, au, "Leo ni siku yetu." Watoto mia nne walirudi nyumbani na kuwasumbua wazazi wao wapige kura.

"Mheshimiwa mgombea kapita!" Wendell Aho alinitania kila tulipokutana kwenye korido. "Tupishe njia, jamani, ana walinzi!"

"Umepiga kura?"

"Mimi, mama yangu, na babu. Babu alidhani anachagua gavana."

Wiki ya pili, siku ya Jumatano, nilifungua kompyuta nikakuta Kentucky ni ya kwanza na sisi tumeshuka hadi nafasi ya tatu. Sikuogopa wala sikukasirika. Nilikwenda shule, nikashika kipaza sauti na kusema, "Leo ni siku yetu." Ilikuwa rahisi kama kufunga mlango. Jioni niliandika kwenye ukurasa wa kikundi kwamba shule yetu imeipigia Kentucky kama kawaida. Bi Opal akajibu, "Mungu akubariki, mpenzi."

Ijumaa nilifanya vilevile. Jumatatu pia.

"Wewe," Wendell aliniuliza, "mbona kila siku ni yenu? Kentucky wamehama?"

"Ratiba imebadilika."

"Aa. Basi sawa." Aliniamini papo hapo, na hilo nalo sikulihisi.

Tulipanda hadi nafasi ya kwanza. Kentucky ikateremka, ya pili, ya tatu, mpaka ya nne. Baba, ambaye alifanya kazi kwenye gati la meli za madini na kuvua buti zake nje ya mlango kwenye baridi ili asimsumbue Mama, alianza kutabasamu akila.

Jumatano iliyofuata, siku tatu kabla ya shindano kufungwa, asubuhi nilitangaza tena kwamba ni siku yetu. Niliporudi nyumbani simu ikalia. Niliidaka upesi.

"Signe? Ni Bibi Opal wa Kentucky. Sitakaa sana, mpenzi, najua nyumba yenu haitaki kelele. Nilitaka kukuomba radhi."

"Radhi ya nini, Bibi?"

"Tumeteremka mno. Naona watu wangu wamechoka, wananiambia ndiyo halafu hawapigi. Nimewagombeza kanisani Jumapili mpaka nimeona aibu. Sasa nimewaambia hivi: kama sisi hatutafika, basi angalau nyinyi mfike. Leo Colby amewapigia nyinyi. Ilikuwa siku yetu, lakini amekataa kubadilisha. Amesema, yule mama wa Duluth naye amelala muda mrefu."

Nilisema asante. Nikarudisha simu mahali pake. Kisha niliingia chumbani kwa Mama, nikakaa sakafuni karibu na kitanda, nikamwambia yote kwa kunong'ona.

Alinigeuzia uso polepole.

"Uliwaambia shule nzima?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Basi kesho waambie shule nzima ukweli. Na Bi Opal mpigie sasa hivi."

"Lakini Mama, tutashindwa."

"Nimekusikia. Nenda kapige simu."

Nilipiga. Nilimweleza Bi Opal yote. Nilisikia televisheni nyumbani kwake, na mtoto anacheka. "Nimewagombeza watu wasio na kosa," alisema mwishowe. "Haya. Nimekuelewa." Akakata simu bila kuniita mpenzi.

Asubuhi nilimweleza Bwana Ostby, naye akanipa kipaza sauti akisema, "Usiharakishe." Nilisoma kutoka kwenye karatasi: "Siku nne nilitangaza uongo. Zilikuwa siku za Kentucky na mimi niliziiba. Ratiba haikubadilika. Naomba leo, kesho na Jumamosi muipigie kura Kentucky." Nilipotoka nilimkuta Wendell kwenye korido. Hakunitania. Aliniangalia tu, akasema, "Ulinidanganya mimi," na kuingia darasani. Afadhali angenipiga.

Jumamosi saa sita mchana shindano lilifungwa. Kentucky ilikuwa ya pili. Sisi tulikuwa wa tatu, tumepungukiwa kura tisini na sita.

Baba alikaa mezani mikono imefunika uso. "Tisini na sita," alisema. "Shule ina watoto mia nne." Hakunilaumu, lakini hakula.

Jioni Bi Opal aliandika kwenye ukurasa wa kikundi, mbele ya watu wote: "Msichana wa Duluth alikosa na amerekebisha mwenyewe. Mwezi ujao shindano likifunguliwa, watu wangu ni wenu kila siku, si siku tatu kwa wiki." Nilikwenda kumsomea Mama. Nilitarajia afurahi. Akaniashiria nikae.

"Signe," alisema, akipumua baada ya kila maneno machache, "miaka minne naitwa mwongo. Na daktari. Na mwajiri wangu. Hata na dada yangu wa tumbo moja. Sina kidonda cha kuwaonyesha. Damu yangu ni safi. Nilichobaki nacho ni neno langu. Kila mgonjwa aliyekupigia kura kutoka kitandani ana neno lake tu. Sisi hatuwezi kutafuta dawa kwa uongo, mwanangu. Siku wakitukamata na uongo mmoja, nani atatuamini tukisema tunaumwa?"

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyokuwa amesema wiki nzima, na nilijua yatamgharimu siku kadhaa za maumivu. Alikuwa ameyatoa kwa ajili yangu. Nikamshika mkono, ulikuwa mwembamba na wa baridi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikaona uchungu. Nililia palepale sakafuni, mdomo nimeubana kwenye blanketi, nisimuumize kichwa.