Ubao wa Kule Ziwani

Mimi na Shabani tulimaliza shule ya Wadachi tukiwa na hati nzuri na jawohl nyingi mdomoni, ile "ndiyo bwana" ya Kijerumani, na mpaka leo hatuna kazi. Mwezi jana afisa mmoja akamwambia mwenzangu aende kwenye mji wa wapasua mbao ulioachwa kule ziwani, aandike historia yake na uzuri wake, arudi na ubao mmoja. Ukarani utakuwa wake.

Alikuta nyumba zimeanguka, na gogo limelala juu ya shimo la kupasulia, msumeno umekwama katikati. Ilikuwa adhuhuri, lakini shimoni giza tupu. Akapanda juu ya gogo, akapasua mpaka ubao ukatoka.

Afisa akaupenda, akataka wa pili kesho yake ndipo amwandike kazi. Nein, hawa watu hawashibi! Shabani akapita Bweranyange kwa mjomba wake Abdulrahim, mpasua mbao wa zamani.

"Shikamoo, mjomba. Mlikuwa mnalalamikia nini? Kazi yenyewe nyepesi!"

"Marahaba, msomi. Chini shimoni ulimweka nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Waitu! Msumeno ule una mipini miwili. Wa juu anauvuta juu, wa shimoni anauvuta chini, na vumbi lote linamwangukia yeye. Mtu mmoja hauwezi."

Shabani akaweka kikombe chini.

"Msumeno ulikuwa unashuka wenyewe, mjomba. Na kila uliposhuka, mtu alikohoa mle shimoni."