Wa Pili Kutoka Kushoto

Nilipanda hadi Mahango, kijiji cha mlimani, Ijumaa jioni kurekebisha jina moja.

Kazi yangu ni kutafuta wapiga picha. Ofisi yetu iko Bulembia, na mwaka huu tunakusanya picha za jinsi maisha yanavyobadilika milimani: mabati mapya, simu, kahawa pale palipokuwa na msitu, makovu ya udongo ulioporomoka. Mpiga picha analeta picha, mimi naandika maelezo. Kila aliyemo lazima atajwe, kutoka kushoto kwenda kulia, na mwenye nyumba atie saini kwenye fomu, nami niandike jina langu chini kama shahidi. Nikikosea jina silali.

Picha ya kumi na nne ilikuwa ya Swalik, mpiga picha wetu wa Bwera. Mama mmoja, Eseri, amesimama mlangoni mwa nyumba mpya, na mbele yake wanawe wawili, Mumbere na Kasereka. Sasa, kwa Wakonzo, wenyeji wa milima hii, mtoto wa kiume huitwa kwa zamu ya kuzaliwa. Mumbere ni wa kwanza. Kambale ni wa pili. Kasereka ni wa tatu.

Wa pili alikuwa wapi?

Tena kati ya wale wavulana palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Swalik alisema aliwaomba wasogeleane, wakakataa. Akanicheka. "Dada Naimah, hata Nuhu angekupakia kwenye safina, ungeomba kwanza orodha ya panzi." Lakini akawasha pikipiki.

Tulipofika, jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya mlima. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu, migomba ilikuwa na vumbi. Eseri alikuwa akichambua maharage kwenye ungo, na Kasereka, wa miaka kama saba, amekaa miguuni pake. Mumbere alikuwa ameenda kuteka maji. Swalik alibaki barabarani na pikipiki.

Eseri alikulia ng'ambo ya mpaka, Kongo, akaolewa huku. Nilimweleza shida yangu kwa adabu. Hakuinua macho.

"Batoto beko wawili," alisema.

Nikamuuliza kama kuliwahi kuwa na mwingine. Akasema mwaka juzi udongo ulishuka, ukaondoka na nyumba ya zamani. Zaidi ya hapo hakusema. Nilielewa, nadhani. Lakini orodha ilikuwa na pengo, na niliona ni heshima kumtaja marehemu. Kati ya Mumbere na Kasereka nikaandika. Kisha, kama kawaida yangu, nikasoma kwa sauti nisije nikakosea herufi.

"K... a... m... b... a... l... e. Kambale. Ni sawa?"

Ungo ulianguka.

Nyuma ya nyumba, migombani, mtoto akaitika.

"Niko, mama."

Sauti ya kawaida kabisa. Ya mtoto aliyekatizwa mchezo. Harufu ndiyo iliyofuata... udongo uliolowa, mzito, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

Kasereka alisimama. Akaanza kutembea kuelekea kule, bila haraka, kama anayeitwa kula. Eseri alimshika shati, likachanika begani. Akambana kifuani kwa mkono mmoja, mkono mwingine akaninyooshea.

"Leta kalamu," alinong'ona.

Nikampa. Aliniambia, kwa sauti ya chini sana, kwamba mtoto aliyechukuliwa na mlima, mwili wake usipatikane hata kuzikwa, haitwi jina. Akiitwa, anakuja. Na akija hamgusi mama yake wala mkubwa wake.

"Anakamata ule jina yake inamufuata."

Akainamia fomu, akafuta jina la Kasereka. Alilifuta mpaka karatasi ikatoboka. Migombani majani makavu yalikuwa yakikanyagwa. Hatua moja. Nyingine...

Kimya.

Kasereka akakaa chini, akaanza kuokota maharage.

Eseri alinitazama kwa mara ya kwanza. "Unisamehe, madamu," alisema. Nikadhani anaomba radhi kwa karatasi.

Tukiteremka, Swalik alilalamika bila kugeuka. "Sogeeni nyuma kidogo. Mnanibana."

Nilikuwa peke yangu nyuma yake. Nilidhani ananiheshimu kwa kutumia wingi. Baadaye nikakumbuka kwamba hajawahi.

Jumamosi asubuhi, ofisini, niliisoma tena fomu. Eseri. Mumbere. Kambale. Tundu. Na chini ya tundu, kwenye mstari wa shahidi, kwa mwandiko wangu mwenyewe: Naimah.

Jioni ile, adhana ya magharibi ilipokwisha, nikasikia nje ya dirisha langu sauti ya mtoto anayejifunza kusoma.

"N."

Jumapili: "A." Jumatatu: "I."

Nilidhani nitapiga kelele. Sikupiga. Kila asubuhi nafagia udongo mbichi kizingitini, kisha naandika saa. Nilimpigia Eseri. Akasema Kasereka anakula vizuri, anacheka. Sikumuuliza lingine. Nilipomweleza Swalik, alinishauri nichomeke jina lingine kwenye lile tundu, juu ya langu. Nilikaa na kalamu mkononi hadi wino ukakauka.

La nani?

Jumanne ilikuwa "M." Jana ikawa "A" ya pili. Kwenye kitambulisho changu jina linaishia hapo. Kwenye fomu nililiandika na h mwishoni, kama mama alivyonifundisha. Naona anafuata fomu, maana bado nipo.

Leo ni Alhamisi. Adhana bado. Nimejaribu kuitamka ile herufi peke yake nijue itasikikaje, lakini h haina sauti yake. Ni pumzi tu.

Na tangu alasiri kuna mtu anapumua dirishani.