Utepe wa Zambarau

Rula hakuipenda lenzi ile ya kamera tangu siku ya kwanza, kwa sababu ilikuwa ya marehemu. Mayada, mke wa kwanza wa mumewe Ghassan, ndiye aliyeinunua na kuwapigia picha maharusi wengi wa mji wa Dearborn, kule Marekani. Alipofariki, lenzi ikabaki kabatini, naye, kwa hisia za Rula, akabaki moyoni mwa mume. Lakini studio yao ilikuwa na moja tu ya namna hiyo: haivuti mbali wala karibu, ila tundu lake likifunguliwa lote hunywa mwanga hata ukumbini penye taa hafifu. Basi Rula akaitumia, wivu ukiwa haujamtoka.

Baada ya harusi moja ya majira ya baridi, alipokagua picha kwenye kompyuta aliona utepe mwembamba wa zambarau umemzunguka Ghassan, aliyekuwa ameshika taa pembeni.

"Ndiyo tabia yake," Ghassan alisema, akitafuna mkate wa viungo vya zaatari. "Ukifungua tundu lote, kingo za vitu vinavyong'aa huvuja rangi. Zambarau kwa mbele, kijani kwa nyuma. Libane kidogo, itaondoka."

"Inayong'aa ni shela ya bibi harusi, mbona yeye hana? Wewe ulivaa koti jeusi."

"Basi mimi ndiye ninayeng'aa, bibiye. Hukuliona hilo uliponikubali?"

Rula hakucheka. Harusi iliyofuata alilibana tundu. Picha zote zilitoka safi, ila zile za Ghassan. Utepe ulikuwa mnene kama kidole, umemganda sikioni na shingoni.

Wiki ile sikio lake likafanya weusi. Shingo ikafuata, kisha pumzi ikaanza kumkatika akipanda ngazi. Hospitali walimpima damu na mapafu, wakasema ni mzima. Nyumbani kukaingia harufu ya nywele zilizoungua, na kila Ghassan alipomshika Rula bega, kabatini kulisikika mlio mdogo, kama mtu anayezungusha pete ya lenzi: tik, tik, tik.

"Ni yeye!" Rula alinong'ona. "Hata kaburini hataki kukuachia!"

"Usimseme marehemu," Ghassan alijibu taratibu, na upole ule ndio uliomchoma Rula zaidi.

Adhuhuri moja, theluji ikimeremeta dirishani, Ghassan akiwa amelala kwenye kochi, Rula aliichukua kamera ili amwone mwanamke yule uso kwa uso. Akaweka jicho, akafungua tundu lote, akauona ule utepe ukibanduka taratibu kutoka shingoni mwa mumewe, ukasimama, ukarefuka mpaka darini, ukawa na mabega mapana ya kiume yasiyo na uso juu yake, ukaja hatua kwa hatua bila kukanyaga zulia, ukasogea mpaka ukajaza kioo chote, na kioo kikaingia ukungu kwa ndani, kama kinapumuliwa, na sauti nzito, tamu, ikasema karibu kabisa na jicho lake:

"Rula."

Akaiangusha kamera.

Hajati Samiha, mjane wa Kiyemeni aliyewasomea watu kisomo, aliipokea lenzi kwa kitambaa. Alisoma, akaifukizia, akasoma tena mpaka jasho likamtoka.

"Mwanangu, marehemu hamo humu," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ni jini mahaba. Kila ulipoweka jicho hapa uliweka na wivu wako, akaufanya mlango. Hamtaki mumeo. Anakutaka wewe, na humwona mumeo kuwa mshindani anayemzibia njia. Atamla mpaka ammalize."

Rula aliinamisha kichwa. Aliogopa, tena aliona haya, lakini chini ya haya kulikuwa na kitu kitamu asichothubutu kukitaja. Maisha yake yote alikuwa amewaonea wengine wivu. Hakuna aliyewahi kuona wivu kwa ajili yake.

"Mkatae mara tatu. Kwa moyo, si kwa mdomo."

"Sikutaki," alisema Rula. Kioo kikapasuka ufa.

"Sikutaki." Chetezo kikazimika.

Mara ya tatu kikohozi kilimshika, au alikiacha kimshike. Midomo ilicheza.

Hajati akamkazia macho. "Umesema?"

"Nimesema."

Wakaitosa lenzi Mto Detroit, kwenye upenyo wa barafu. Ghassan akapona. Sikio likarudi rangi yake, ngazi akazipanda kwa mbio, na ilipofika majira ya machipuko walinunua lenzi mpya kabisa, ambayo hakuna jicho jingine lililowahi kuchungulia ndani yake.

Katika harusi ya kwanza Rula aliinua kamera kuijaribu. Ghassan alikuwa amesimama karibu na mpambaji wa maharusi, msichana mwenye vishimo mashavuni. Akamwambia jambo, msichana akacheka, akamgusa mkono. Ghassan naye akacheka, cheko ambalo Rula hakuwahi kulipata nyumbani.

Rula alilibana tundu mpaka mwisho. Taratibu, shingoni mwa mumewe, uzi wa zambarau ukaanza kujisokota. Ghassan akaacha kucheka, akashika kola, akageuka huku na huku akimtafuta mkewe kwa macho.

"Rula?" aliita, pumzi ikimkwama. "Rula, mke wangu, uko wapi?"

Rula hakuiteremsha kamera. Alisogeza jicho karibu zaidi na kioo, akanong'ona:

"Niko hapa."

Na hakuwa akimjibu Ghassan.