Njia ya Wodi Iliyofungwa

Jumatatu saa tisa alasiri, simu ya wodi iliyofungwa ilipiga mapokezi ya hospitali. Wodi hiyo haikuwa na mgonjwa wala nesi tangu ugonjwa ulipoua watu ndani yake. Mpokea simu alisikiliza, akafunika mdomo kwa kiganja, akaanza kulia taratibu.

Ijumaa, mwanawe, fundi wa mitandao wa hospitali hiyohiyo, alimkuta ameshika simu ileile. Chakula chake hakikuguswa. Palinuka spiriti na jasho la homa.

"Mama, unaongea na nani?"

"Dada yako."

"Dada tulimzika, mama."

"Kwani mimi sikuwepo?" alinong'ona. "Anasema huko kuna baridi. Anataka nimfuate leo, zamu ikiisha."

Fundi alijua kitu kile kimepita wapi. Jumatatu asubuhi alikuwa ameweka swichi mpya, kifaa kinachounganisha simu na kompyuta za hospitali. Ya zamani ilitenga mitandao ya hospitali, kila wodi na wake, kama vyumba visivyo na mlango kati yao. Hii iliweza kuvusha mawasiliano kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, naye, kwa kutaka kazi iishe haraka, aliiamuru ivushe yote, hata ya wodi ile.

Alifungua kompyuta palepale mezani. "Naifunga njia. Huyo si dada, mama. Ni jini."

"Msikilize kwanza. Kisha funga, kama utaweza."

Aliweka simu sikioni, akasikia pumzi, kisha kikohozi kikavu alichokiacha nyuma ya kioo siku dada yake alipokuwa anakata roho katika wodi ile, kisha sauti ya dada mwenyewe ikimuuliza, "Kichwa-boga, unaniacha tena?", jina ambalo dada peke yake ndiye aliyemwita, tena wakiwa wawili tu, na vidole vyake vikaganda juu ya kibodi huku mama akimshika kiwiko na kumsihi, "Mwache aseme, baba, mwache aseme tu, hata kama si yeye."

Alibonyeza.

Simu ikafa. Mama alichukua mkoba wake.

"Mara ya kwanza tulimzika wote," alisema. "Hii ya pili umemzika peke yako."

Akaenda nyumbani.

Saa kumi na moja jioni ileile, mlinzi alitoa taarifa ya kilio cha mwanamke ndani ya wodi iliyofungwa. Mlango ulifunguliwa, fundi akiwepo. Ndani hapakuwa na mtu. Kilio kiliendelea, kikikatizwa na kikohozi kikavu kilekile.