Amplifaya Juu ya Boksi la Spika

Jambo hili lilimkuta rafiki yangu, fundi wa redio za magari, nami naliandika kama alivyolisimulia.

Kaka yake alifunga amplifaya juu ya boksi la spika, ndani ya buti la gari lake. Fundi alimwonya kuwa mtikisiko utalegeza skrubu na kuchubua nyaya. "Dogo, nimekuona ukinyonya," kaka alimjibu.

Kaka alipofariki, mjane wake alitaka kulitumia gari hilo kupelekea watoto shule. "Ihamishe hiyo amplifaya, shemeji, isije ikatuunguzia watoto."

Fundi akaihamishia kwenye ubao nyuma ya kiti, akaweka mpira chini ya kila mguu. Asubuhi aliikuta juu ya boksi, skrubu zimekazwa.

"Liuze tu gari," shemeji alisema.

"Thubutu! Hata akiwa kaburini aniburuze?" fundi akajibu.

Akaifunga tena ubaoni, safari hii akang'oa nyaya zote, akatoa na betri. Akafunga buti, akazima taa ya gereji.

"Haya, kaka, piga tusikie!"

Gizani besi ikaanza kudunda, mpaka spana zikatetema mezani. Hakukimbia. Alipapasa hadi kwenye buti, akafungua. Amplifaya ilikuwa juu ya boksi. Akaikamata kwa viganja viwili.

Ilikuwa ya moto, kama iliyopigwa kutwa nzima.