Kikombe Asichokionja

Kitu kidogo Apollinarie alichokiona kwanza ni hiki: wifi yake Consolate alinusa kikombe kabla ya kunywa.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa, nyumbani kwao Nyamianda, kando ya ziwa. Gratien, mume wa Apollinarie, alikuwa anacheka na wageni. Tangu bunduki ziwafukuze kijijini kwao Lubarika, hawakuwa wamepata siku tulivu kama hiyo. Apollinarie alimimina kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akampa Consolate, akarudi kukaa karibu na mlango.

Ninyi mnajua kosa lake. Kwetu anayekuletea kinywaji huonja kwanza, uone hakina sumu. Apollinarie hakuwahi kuonja. Tangu utoto, kikombe kilichoguswa na midomo ya mwingine kilimchafua roho, na aliamini kila mtu yuko hivyo. Kwa kutoonja alidhani anamheshimu mgeni.

Kesho yake Consolate alianza kuhara na kutapika. Kufikia saa sita mchana hakuweza kusimama, wakambeba kumpeleka kituo cha afya. Majirani wakajaa uani. Wakakumbushana kwamba Apollinarie hamtazami mtu machoni, na kila siku anakula peke yake. Zamani waliita kiburi. Siku hiyo waliita ulozi. Wakataka arudishwe Lubarika, ambako risasi zilikuwa bado zinalia, na binti yake Divine abaki kwa baba.

Gratien akamshika mabega. "Mama Divine, uliweka kitu mu kikombe?"

Kelele zilikuwa nyingi mno. Kila alipobanwa, maneno yake mwenyewe yalipotea, yakabaki ya mwenzake tu.

"Uliweka kitu mu kikombe," akajibu.

"Iko anatucheka," jirani mmoja akasema.

Gratien akamwachia, akaingia ndani, akaanza kufunga nguo za mke wake katika kitenge.

Hapo ndipo alipofika Belyse, mwanasaikolojia anayewasikiliza wakimbizi wa vita pale kituoni. Alileta habari: Consolate ana kolera, yaani kipindupindu, na wagonjwa wengine tisa wa mtaa wao pia, wote walikunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha tangu bomba likauke. Kisha akamwona Apollinarie ameziba masikio. Hakumgusa. Aliwaomba watu watoke, akakaa pembeni, akamuuliza swali lile lile kwa sauti ndogo, akangoja. Alingoja sana.

"Hapana," Apollinarie akasema. Gratien, aliyekuwa anasikia kutoka ndani, akafungua kile kitenge na kurudisha nguo.

Baada ya wiki nyingi za mazungumzo, Belyse na daktari walimwambia, "Hii iko na jina. Wanaita otisme, ao usonji. Siyo mapepo. Ulizaliwa nayo."

Msifikiri alifurahi. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Alikuwa ameombewa katika vyumba vitatu vya maombi, na mganga mmoja alimchoma masikioni. "Kama iko na jina, juu ya nini hakuna aliyeniambia?" aliuliza, na wiki mbili hakurudi kituoni. Aliporudi, alimwomba Belyse amwandikie yote kwenye karatasi, ayasome polepole.

Consolate alipopona alikuja na kikombe chake mkononi, akatania kwamba sasa mu hii nyumba kila mtu atembee na chake. Apollinarie alicheka hadi Divine akashangaa.

FUNZO

Ndugu zangu, vita vimetuzoesha kuogopana. Kabla ya kumwita mtu mulozi, muulize taratibu, kisha ungoje jibu, hata likichelewa. Mwenye ndugu kama huyu asimfiche wala asimpeleke achomwe na mganga. Atafute msaada kwa wanaojua. Hata mtu mzima hajachelewa kujulikana.

Lakini tusizidishe pia. Gratien alijifunza kungoja, halafu akaanza kumwekea chakula nyuma ya mlango na kuwazuia wageni, akidhani ndiyo heshima. Siku moja Apollinarie alitoka, akakaa kando yake, akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote:

"Baba Divine, munaniachaka peke yangu, munafikiri ndiyo napenda. Sipendake. Hata miye upweke unaniumizaka. Bakia hapa."