Pete Ndani ya Kijidudu

Kila Jumapili, kabla ya misa, Marieta wa kijiji cha Bashay alifungua kidonge cha rangi mbili, dawa ya kuua vijidudu. Nusu ya unga aliumwaga kwenye maji ya ndama, nusu kwa kuku. Kinga hiyo! Tangu dawa zianze kuuzwa mpaka gengeni, nani angemzuia?

Sasa ndama alikuwa anahara siku ya pili. Na Fabiola, binti yake, alikuwa ameahidiwa ndama huyo kama zawadi ya kipaimara wiki tatu mbele. Fabiola alilia. Marieta akaogopa, akaongeza kidonge. Wapi! Kuhara kukazidi.

Akamwita Severine, mtaalamu wa mifugo wa pale kijijini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Dawa hii imeharibika?"

"Dawa ni nzima. Shida ni vijidudu. Ndani ya kijidudu huwa kuna pete ndogo mno, inaitwa plasmidi. Nyingine hubeba maelekezo ya kuishinda dawa. Kijidudu kikigawanyika, pete nayo inajinakili. Hata kijidudu jirani kinagawiwa nakala."

"Kama sisi majirani na chumvi!"

"Haswa. Ila pete ni mzigo. Vijidudu visivyo nayo mara nyingi huzaana haraka zaidi. Tena pete mbili za ukoo mmoja hazikai pamoja. Zinagombania kunakiliwa, mwisho moja inatoka."

"Basi tuziache zigombane zimalizane!"

Severine akacheka sana. "Mshindi anabaki, mama. Pete nyingine huua hata kijidudu kinachoiacha. Na wewe ukitia dawa kidogo kidogo kila Jumapili, visivyo na pete vinakufa. Vyenye pete vinabaki na zizi lote."

Marieta akashika kichwa. "Yesu wangu! Kumbe nilikuwa navifuga mimi mwenyewe!"

Severine alipeleka kinyesi kupimwa Mbulu mjini. Ndama aliendelea kunyonya, na kati ya zamu za kunyonya akanyweshwa maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa vizuri. Majibu yakaonyesha dawa inayofaa. Ndama akapewa kwa siku zote tano alizoandikiwa, bila kukatisha. Zizi likasafishwa.

Siku ya kipaimara, ndama alimburuta Fabiola na gauni lake jeupe mpaka katikati ya shamba la maharage. Watu walicheka mpaka machozi, na Marieta alifurahi kuliko wote.

"Mama Fabiola," jirani yake Qamara akauliza, "ndama huyu Jumapili unampa dawa gani?"

"Maji," akajibu Marieta. "Maji safi, basi."